Haidatidi: tegu mdogo wa mbwa anayewatesa wafugaji

Tumbo huvimba taratibu, mwaka baada ya mwaka, mara nyingi bila homa wala maumivu. Huko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, wako wagonjwa waliofika hospitalini wakiwa na lita kadhaa za maji ndani ya uvimbe. Eneo hilo ni miongoni mwa yale yaliyoripotiwa kuwa na viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa wa haidatidi.

Chanzo chake ni tegu wa mbwa, asiyezidi milimita saba hivi. Maelfu yao huweza kuishi katika utumbo wa mbwa mmoja, naye akaonekana mzima kabisa. Mayai hutoka na kinyesi, yakanata kwenye manyoya na kuchafua majani na maji. Kondoo, mbuzi na ngamia huyameza malishoni, na mifuko ya maji huota katika maini na mapafu yao. Mbwa akitupiwa ini hilo, tegu amerudi kwake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Binadamu haambukizwi kwa kula nyama, bali kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Wala mgonjwa hamwambukizi mwenziwe.

Watafiti walieleza jinsi mbwa wa Turkana alivyoshiriki katika malezi: akilala ndani, akilamba vyombo, hata kumsafisha mtoto mchanga. Mtu wa mjini atashangaa, lakini pale ambapo maji ni adimu, huo si uzembe.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo. Wagonjwa walipasuliwa, mashine za kupiga picha kwa mawimbi ya sauti zikapelekwa vijijini, na mbwa wakapewa dawa ya prazikwanteli. Kwa binadamu hutumika pia albendazoli, na baadhi ya uvimbe hunyonywa kwa sindano, kazi inayohitaji uangalifu mkubwa: mfuko ukipasuka, maji yake huweza kuleta mshtuko wa kuua, au kuotesha mifuko mipya tumboni.

Iceland, iliyosumbuliwa mno na ugonjwa huu katika karne ya 19, iliutokomeza kwa kuwaelimisha wakulima na kuwanyima mbwa matumbo ya kondoo. Lakini Iceland ni kisiwa. Wafugaji wa Turkana huhamahama, pengine hadi ng'ambo ya mipaka ya Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini, na mbwa aliyetibiwa leo huweza kuambukizwa tena penye machinjo yajayo.