Mkataba Usioonekana: Kutoka Mto Songwe 1890 hadi Bandari za Maziwa 2023

 

Ndugu msomaji, tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika. Kwa upande wa Ziwa Nyasa, mpaka ulifuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Kwa maneno hayo machache, mvuvi wa Matema au Ikombe aliachiwa mchanga, na maji anayovua yakawekwa upande wa pili.

Bunge la Uingereza liliujadili mkataba ule, kwa kuwa ndani yake kisiwa cha Heligoland kilitolewa kwa Ujerumani. Ama Wanyakyusa na Wakisi wa ufukweni hawakuulizwa. Wala hakuulizwa Mlozi bin Kazbadema na Waswahili wake kule Karonga, ambao biashara yao ya watumwa hatuitetei. Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, karatasi ile ilifufua mzozo na Tanzania, ambayo inashikilia kwamba mpaka upite katikati ya ziwa. Zaidi ya miaka mia baadaye, wajukuu wa wasioulizwa ndio wanaobeba mzigo.

Je, sheria yetu inasemaje juu ya jambo la umma kuamuliwa gizani?

Allah (S.W.) katika Surat Ash-Shuura, aya ya 38, amewasifu waumini kwamba mambo yao huendeshwa kwa kushauriana, na sifa hiyo ameitaja baina ya Swala na kutoa. Mwenye kushauriwa hana budi alijue jambo analoshauriwa. Anayeulizwa rai juu ya karatasi asiyoisoma hakushauriwa, bali ameshuhudishwa tu.

Tuangalie mfano wa Umar bin Al-Khattab (R.A.). Ilipofunguliwa Iraq, baadhi ya Maswahaba, miongoni mwao Bilal (R.A.), walitaka ardhi ya Sawad igawiwe wapiganaji. Umar aliona ibaki kwa wenyeji wake, walipe kharaji, ili vizazi vijavyo navyo vipate fungu. Abu Yusuf, Kadhi Mkuu wa Harun ar-Rashid, ameeleza katika Kitab al-Kharaj kwamba Umar aliwaita Ansari kumi, watano wa Aws na watano wa Khazraj. Aliwaeleza rai yake, akawatajia pia lawama za waliompinga, kisha akatoa hoja yake katika Surat Al-Hashr. Alikuwa Amirul-Muuminina mwenye jeshi na hazina, naye hakuona haya kuweka hoja ya mpinzani wake mezani.

Atasema msemaji: serikali ina siri zake, na Mtume (S.A.W.) aliificha safari ya kuifungua Makka. Ni kweli. Lakini katika hadithi ndefu ya Kaab bin Malik (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunajifunza kwamba Mtume alikuwa na desturi ya kuficha anakoelekea vitani, isipokuwa Tabuk. Safari ile ilikuwa ya mbali na yenye joto kali, basi akawaeleza watu waziwazi wajiandae. Hata katika vita, wenye kubeba mzigo walielezwa uzito wake. Ikiwa vita vina mipaka hiyo ya siri, itakuwaje kwa ushuru, ardhi, ndoa na bandari?

Wanazuoni wameweka kaida kwamba uendeshaji wa kiongozi juu ya raia umefungamana na maslahi yao. Kiongozi ni mfano wa wakili, na wakili hamfichi mwenye mali alichomuuzia.

Nchini kwetu tumeyaona yote mawili. Mwaka 1969 Serikali ilichapisha mapendekezo yake juu ya Sheria ya Ndoa kabla ya sheria kupitishwa mwaka 1971. Waislamu hawakupata yote waliyoyataka, lakini walijua wanapinga nini. Aprili 2011 muswada wa mabadiliko ya Katiba ulikuja kwa hati ya dharura, tena kwa Kiingereza. Wananchi wakalalamika, ukarudishwa na kutafsiriwa, ukapitishwa Novemba mwaka huohuo.

Kisha likaja la bandari. Tarehe 25 Oktoba 2022 yalitiwa saini makubaliano baina ya Tanzania na Dubai juu ya bandari za bahari na za maziwa. Wananchi wengi waliyaona Juni 2023, yalipokuwa yakielekea bungeni, na Bunge likayaridhia tarehe 10 ya mwezi huo. Mtu wa Kyela, mwenye bandari ya Itungi, alikuwa na haki ya kuuliza maneno "za maziwa" yana maana gani kwake. Wananchi wanne walifungua shauri Mahakama Kuu, Mbeya, na miongoni mwa malalamiko yao ni ufinyu wa muda wa kutoa maoni. Shauri lilitupwa tarehe 10 Agosti 2023. Mikataba ya Oktoba mwaka huo ikahusu bandari ya Dar es Salaam.

La kusikitisha ni kwamba mjadala ulianza kupimwa kwa dini ya mwekezaji na dini ya mpinzani. Wapo ndugu zetu waliotetea kwa kuwa upande wa pili ni Waarabu Waislamu. Huu si mwendo wa Umar. Uadilifu hauulizi jina la mwenye kutia saini. Mkataba ukiwa mzuri, kuusoma hadharani hakuupunguzii kitu. Na ukiwa na kasoro, kuificha ni kumdhulumu Muislamu na asiyekuwa Muislamu sawasawa.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Udhuru wa lugha unapungua, na wajibu wetu unaongezeka. Imamu aombe muswada mapema, awape wanafunzi wausome, na darsa moja baada ya Magharibi litengwe kwa ajili yake kabla Bunge halijakaa. Wazee wa Songwe hawakupata nafasi hiyo. Sisi tukiipata tukalala, tutamlaumu nani?

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.