Asali ya Wazee, Ngano ya Serikali

Marekani kuna watu wengi wanaojitengenezea bia jikoni kwao, na mojawapo ya bia wanazozipenda msimu wa joto ni ile ya ngano na asali. Ngano inaleta povu, asali inaleta harufu ya maua. Bia ikishaiva inamiminwa kwenye pipa dogo la chuma, inasukumiwa gesi, basi, kazi imekwisha. Hanang, mkoani Manyara, asali na ngano zipo zote mbili. Ila pale historia haikuzitia kwenye pipa moja. Ilizigombanisha.

Tuanze na asali. Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, ni wafugaji, na kinywaji chao cha heshima ni pombe ya asali. Majirani zao Wairaqw wa Mbulu wana buura, pombe ya nafaka. Pombe ya asali ina mambo machache: asali, maji, mizizi ya kuchachusha, kibuyu kikubwa na joto la moto. Asali peke yake haichachi kwa sababu maji yake ni machache mno. Chachu iliyomo imelala tu. Ukiongeza maji umeiamsha. Inakula sukari na kutoa kilevi na gesi. Na kibuyu si pipa la chuma, hakibani gesi wala hakitunzi pombe kwa miezi. Ikiiva, lazima watu waitwe.

Asali yenyewe nayo ina safari. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, humfuata ndege kiongozi mpaka kwenye mzinga, kisha sehemu ya asali hubadilishana na majirani. Yaani kabla hujaonja pombe, tayari kuna msitu, ndege na ujirano ndani yake.

Sasa, pombe hii hupikwa kwa wingi pale anapofariki mzee wa heshima. Si kila mtu hupewa mazishi hayo, yanayoitwa bung'eda. Juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu cha udongo, hatua kwa hatua, kwa miezi kadhaa. Koo hukusanyika, pombe ya asali hunywewa, marehemu hukumbukwa. George Klima, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliyaandika maisha hayo katika kitabu chake cha 1970 kuhusu Wabarabaig. Mimi nilipokisoma niliona kwamba ile pombe inafanya kazi ya mhuri. Kila aliyeinywa ni shahidi: fulani amelala hapa, na ukoo wake unapafahamu hapa.

Ngano ikaingia mwishoni mwa miaka ya 1960. Serikali, kupitia shirika la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Tuwe wakweli, sababu ilikuwepo. Miji ilikuwa inakua, watu wanataka mkate, na kuagiza ngano nje kunakula fedha za kigeni. Baadaye mashamba yakafika saba, kila moja la ekari kama 10,000. Ramani iliionyesha ardhi ile kama tupu. Kumbe ilikuwa na muhajega, malisho bora kabisa katika mzunguko wa Wabarabaig, ambao walihamisha ng'ombe kwa misimu ili nyasi zipumzike. Charles Lane, aliyeutafiti mzunguko huo na kuandika kitabu cha Pastures Lost mwaka 1996, alieleza pia malalamiko yaliyouma kuliko yote: matrekta yalilima juu ya makaburi.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kudai ardhi iliyozidi ekari 8,000. Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na hukumu ya Mahakama ya Rufani, iliyomo katika ripoti za sheria za 1985, ikageuza matokeo. Halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi ile kisheria. Wanakijiji nao, mahakama ikasema, hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria ambayo mizizi yake ni ya mkoloni, mwaka 1923.

Hebu soma sentensi hiyo mara ya pili. Mbarabaig anaambiwa Hanang kwamba uenyeji wake haujathibitishwa.

Sisi wapenda vitabu tuna ugonjwa mmoja: tunadhani kisichoandikwa hakipo. Mahakama ilitaka karatasi na ushahidi wa aina inayoijua. Ushahidi wa wazee ulikuwa vichuguu tambarareni, na sahihi zake zilitiwa kwa pombe ya asali mbele ya mamia ya watu. Hati ya namna hiyo haiwezi kuwekwa kwenye faili. Ila inaweza kulimwa na trekta ndani ya asubuhi moja.

Mwaka 1999 Tanzania ilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayoipa haki ya kimila hadhi sawa na haki iliyotolewa na serikali. NAFCO nayo ilikuja kuondoka, na sehemu ya ardhi ikarudi vijijini. Ni hatua, sibishi. Lakini ardhi ikirudi bila kichuguu, anayejua kaburi lilipokuwa ni mtu, na watu wanazeeka.

Kwa hiyo, kama kuna kazi ya waandishi kule Hanang, si kusifia utamu wa pombe. Ni kukaa na wazee na kuandika majina ya makaburi: nani alizikwa wapi, ukoo gani ulijenga, asali ilitoka msitu gani. Orodha kavu kabisa, bila mapambo. Siku mahakama ikiuliza tena nani mwenyeji, iwepo.