Mlango wa Msimamizi: Jinsi Ukuta wa Moto Ulivyojifunza Kujilinda Wenyewe

Ukuta wa moto, yaani kifaa au programu inayokaa kati ya mtandao wa ndani wa taasisi na intaneti ya nje ili kuamua data ipi ipite na ipi izuiwe, ulianza kuuzwa kama bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Digital Equipment ikitangulia na mfumo wa SEAL na Check Point ikifuata na FireWall-1 mwaka 1994. Kila ukuta wa namna hiyo una mlango anaoingilia msimamizi kuandika sheria zake, na atakayeupata mlango huo hana haja ya kuubomoa ukuta, kwa kuwa anaweza kuuamuru umfungulie.

Njia salama kuliko zote ilikuwa kwenda mbele ya kifaa chenyewe na kukiunganisha na kompyuta kwa waya wa konsoli. Aliyekuwa mbali alitumia Telnet, itifaki (yaani kanuni za mazungumzo baina ya kompyuta) iliyosanifishwa mwaka 1983 bila usimbaji wowote (yaani bila kuyaficha mazungumzo kwa msimbo), ambamo kila herufi ya nywila iliyobonyezwa kwa kawaida ilisafiri peke yake katika pakiti yake, ikiwa wazi kabisa, hata aliyenyemelea njiani akaweza kuziokota moja baada ya nyingine mpaka neno zima likatimia. Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika, kwani Februari 1994 kituo cha CERT cha Marekani kilionya kwamba wavamizi walikuwa wamekwisha kunasa taarifa za kuingilia za makumi ya maelfu ya mifumo.

Jibu lilitoka Ufini mwaka 1995, pale Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, ambako nywila zilikuwa zimenaswa kwa njia hiyohiyo, alipoandika SSH, itifaki inayosimba mazungumzo yote na ambayo ilipewa poti (namba inayotambulisha huduma kwenye mtandao) ya 22, jirani kabisa na 23 ya Telnet, ambayo SSH ilikusudiwa kuirithi. SSH humwonyesha msimamizi alama ya utambulisho ya kifaa anachokiingia kwa mara ya kwanza na kumuuliza kama anaikubali. Swali hilo ndilo kinga yenyewe dhidi ya anayejifanya kuwa kifaa hicho, na anayejibu ndiyo bila kulinganisha alama hiyo na ile ya kifaa halisi huitupa kinga hiyo kwa mkono wake.

Usimbaji, hata hivyo, haumtambui mwenye haki. Desemba 2015 kampuni ya Juniper ilitangaza kwamba ndani ya ScreenOS, programu iliyoendesha baadhi ya kuta zake za moto, kulikutwa msimbo usioidhinishwa uliomruhusu aliyejua nywila moja ya siri kuingia kama msimamizi kupitia SSH au Telnet. Nywila hiyo ilikuwa imeundwa ifanane na mstari wa kawaida wa programu. Hapo SSH ilimfichia mvamizi mazungumzo yake kwa uaminifu uleule iliomfichia msimamizi halali, na taasisi ambayo mlango wake ulibaki salama ilikuwa ile ambayo haikuruhusu ufikiwe kutoka intaneti.

Funzo hilo lilichukua miaka kugeuka amri. Juni 2023 wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, CISA, uliziagiza taasisi za kiraia za serikali ya shirikisho kwamba, ndani ya siku 14 tangu kugunduliwa, mlango wa usimamizi uliokutwa wazi kwenye intaneti uondolewe huko, au uwekwe nyuma ya kizuizi kingine kilichotengana nao.