Upepo na Moto Juu ya Magurudumu

Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani, alifanya kazi Masama, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kabla ya kuhamia Old Moshi mwaka 1910. Miaka miwili baadaye alichapisha makala kuhusu mhunzi wa Kichagga na kazi yake. Mhunzi huyo aliogopwa. Laana yake aliyoitamka kwa nyundo haikuchukuliwa kwa mzaha, ingawa ndiye aliyefua mundu wa kukatia migomba na mikuki mirefu iliyonunuliwa na Wamasai wa tambarare.

Chuma kilitoka kwa majirani. Wagweno wa Upare Kaskazini waliyeyusha mawe ya chuma na kuuza mlimani. Baadaye misafara ya pwani ikaleta nyaya nene za biashara, nazo zikafuliwa upya. Moto ulichochewa kwa mvukuto wa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, kimoja kikijaa huku kingine kikikamuliwa, ili upepo usikatike. Bila pacha wake, kiriba kimoja hutoa pumzi kwa vipindi, na makaa hayapati joto la kulainisha chuma.

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na chuma cha Ulaya kikamiminika. Yakaja malori, na baada ya chama cha ushirika cha KNCU kuanzishwa mwaka 1933, kahawa ya vihambani ikawa na safari za kudumu kuelekea mjini. Njia za Masama ni za udongo mwekundu unaoteleza masika na kuwa vumbi kiangazi, tena ni mteremko kutoka migombani hadi Rundugai. Springi hukatika, chesesi hupata nyufa, matairi huishiwa upepo. Gereji yenye umeme iko mbali na pale gari lilipolala.

Waingereza waliliona tatizo hilo mapema. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na ndani ya miaka yake ya mwanzo liliuzwa toleo lenye mashine ya kuchomelea ya Lincoln na jingine lenye kompresa ya Bullows, vyote vikizungushwa na injini ya gari lenyewe. Wazo lilikuwa zuri. Bei ilikuwa ya serikali na makampuni.

Fundi wa kawaida hutumia alichonacho. Kompresa ya kiyoyozi cha gari ni pampu tayari: akiifunga mbele ya injini, akaivalisha mkanda na kuunganisha mpira hadi kwenye tenki dogo, anapata upepo wa kujaza tairi. Hapo ndipo wengi hukosea. Kompresa nyingi za aina hiyo hulainishwa na oili inayosafiri na gesi ya kiyoyozi. Zikivuta hewa tupu hukauka na kufa. Ndiyo maana mafundi waliipenda kompresa ya York ya zamani, yenye oili yake chini kama injini ndogo. Tenki nalo linahitaji valvu ya usalama, hata kama fundi anaapa kwamba halijawahi kupasuka.

Kuchomelea kuna njia mbili. Ya haraka ni kuunganisha betri mbili au tatu za volti 12 kwa mfuatano, zikatoa volti 24 au 36, kisha kushika fito ya kuchomelea. Ya pili ni kutumia alternata ya ziada iliyotolewa regulata: injini ikipandishwa mizunguko, volti hupanda hadi moto ukashika vizuri. Mshono hautakuwa wa maonyesho, lakini springi itafika nyumbani.

Serikali nayo ilijaribu, kwa ukubwa zaidi. Miaka ya 1980 Bulgaria ilisaidia kujenga kiwanda cha KMTC wilayani Hai, wilaya ya Masama, kitengeneze mashine za viwandani. Kiwanda kikalala miaka mingi. Gereji za pembeni mwa barabara hazikulala, kwani uhaba wa vipuri mwanzoni mwa miaka hiyo uliwalazimisha mafundi kuunda walichokosa dukani. Kusini zaidi, Mererani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, kompresa ikawa roho ya mgodi: huzungusha tindo za kutobolea mwamba na kupeleka hewa mashimoni. Ukiyaona magari ya njia ya Simanjiro, wilaya iliko Mererani, unaelewa kwa nini kazi ya kufunga kompresa na mashine za kuchomelea kwenye magari imeshikilia upande huu wa mlima.

Msomaji mwenye gari la shamba, kabla fundi hajagusa chesesi kwa fito, mwambie kwanza achomoe nyaya za betri na alternata ya gari. Umeme wa kuchomelea unaweza kuziua diodi za alternata mara moja. Na betri zinazotumika kuchomelea ziwekwe mbali na cheche, maana hutoa haidrojeni, na hiyo hulipuka.