Lawama za Usajili katika Nchi ya Gor

Mtu akiteremka garini katika stendi ya Migori asubuhi ya Jumatatu, ikiwa Gor Mahia ilifungwa jana yake, hahitaji kununua gazeti ili ajue nani ametiwa hatiani. Atawakuta waendesha bodaboda wameegemea pikipiki zao kivulini, na kati yao mzee mmoja aliyevaa koti zito ilhali jua limekwisha kupanda, anaendesha kesi kwa utaratibu usiopungukiwa na kitu cha mahakamani isipokuwa kadhi: shtaka lipo, mashahidi wapo, utetezi upo, na hukumu huahirishwa hadi Jumatatu nyingine. Mshtakiwa aghalabu ni mshambuliaji aliyeletwa kwa shangwe na sasa hafungi. Lakini kesi haikai kwake kwa muda mrefu, maana kabla chai haijapoa watu watakuwa wamekwisha rudi nyuma miaka kumi, ishirini, arobaini, wakilitafuta jibu la swali ambalo baba zao pia walilitafuta: katika wote waliopata kusajiliwa, nani aliyekuwa hasara kupita wote?

Nijuavyo mimi, hakuna taifa lililolikuza swali hili kama Wamarekani, nao wana sababu. Katika kandanda yao, ile ichezwayo kwa mikono zaidi ya miguu, vijana watokao vyuoni hugawanywa kwa zamu baina ya vilabu, na klabu iliyoshika mkia msimu uliopita hutangulizwa kuchagua, ili mnyonge apate kuinuka. Desturi hiyo ilianza tarehe 8 Februari 1936 mjini Philadelphia, kwa shauri la Bert Bell, mwenye klabu ya mji huo, ambayo ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote na kwa hiyo ikawa ya kwanza kunyoosha kidole. Kidole kikamwangukia Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, kijana aliyekuwa ametunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Lakini Philadelphia haikuwa na fedha za kumridhisha, haki ya kumsajili ikahamia kwa Chicago Bears, nao wakashindwa kuafikiana naye, na Berwanger akaenda zake kwenye biashara asicheze hata dakika moja ya ligi ile. Basi mtu wa kwanza wa orodha ya kwanza alikuwa hasara tupu. Na kwa kuwa orodha ipo, imepangwa kwa namba, Mmarekani akitaka kulaumu huweka kidole juu ya karatasi na ubishi hupungua nusu.

Huku Nyanza Kusini hatukuwa na zamu wala karatasi. Tulikuwa na baraza, na baraza ndilo lililokuwa daftari letu.

Jina la klabu inayobishaniwa zaidi lilitoka hapa hapa kwetu. Gor alikuwa mganga wa Kanyamwa, katika Ndhiwa ya leo, mtu aliyevumishiwa kujigeuza maumbo na kuwapotea adui zake machoni, na mahia kwa Kijaluo ni miujiza. Klabu ilipoundwa Februari 1968 kwa kukusanya nguvu za Waluo waliokuwa wakicheza mpira chini ya majina mbalimbali, ilichukua jina lake, na mashabiki wakaongeza K'Ogalo, linalotokana na nasaba yake. Na mwaka huo huo ikautwaa ubingwa wa ligi ya taifa, ligi yenyewe ikiwa na umri wa miaka mitano tu. Nadhani asili ya husuma yote ni hapo. Timu iliyokwisha kuitwa kwa jina la mtu wa miujiza, kisha ikaufanya muujiza katika mwaka wake wa kwanza, haikujiachia nafasi ya kumstahimili mchezaji wa kadiri. Hata serikali ilipoamuru mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vilabu vivue majina ya kikabila, na Abaluhya ikageuka AFC Leopards, Gor ilijikinga kwa kudai kwamba herufi zake tatu ni kifupi cha Gulf Olympic Rangers. Nami sijapata kumsikia mtu wa Ndhiwa akilitamka jina hilo bila kucheka.

Usajili wa zama zile ulikuwa kazi ya jamaa kabla ya kuwa kazi ya kocha. Palikuwa na klabu nyingine ya Waluo, Luo Union, iliyoshika ubingwa wa 1964 na ikalinyakua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, kwa hiyo kijana hodari wa Karungu au Kendu Bay alikuwa na milango zaidi ya mmoja ya kubisha, na kila mlango ulikuwa na mjomba nyuma yake. Habari zake zilitangulia kwa mdomo: mwalimu alimwona katika michezo ya shule, akamwambia karani, karani akamwandikia shemeji yake aliyekaa Nairobi, na mwisho wake ugeni ukaingia bomani jioni, ukakaribishwa samaki, ukazungumza na mama wa kijana juu ya mambo yote isipokuwa mpira hadi chakula kilipoondolewa. Ndipo ilipotajwa kazi. Mshahara wa mpira haukuwa kitu cha kutegemewa, bali nafasi ya kazi katika bandari, reli au kiwanda ilimfanya mama aitikie kwa kichwa. Fomu ilijazwa juu ya meza ile ile, ikabandikwa picha iliyopigwa studio, kijana akiwa amefunga tai ya kuazima. Na kama klabu nyingine ilikuwa imekwisha kumnusia, hakulala kwao usiku ule, akafichwa kwa jamaa mpaka siku za usajili zipite.

Naomba msomaji aizingatie meza ile, kwa kuwa palepale ndipo dhima ilipopotea. Kijana akifaulu, wote waliokula samaki walikuwa ndio waliomwona mwanzo. Akishindwa, hakuna aliyemleta ila yeye mwenyewe.

Mizani ya kuwapimia vijana hao ilitengenezwa na miaka miwili. Wa kwanza ni 1979, Gor ilipofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ikafungwa na Canon ya Yaoundé mabao 2 kwa bila Nairobi, na 6 kwa bila kwao Kameruni. Mabao manane katika mechi mbili, na mabeki wakabebeshwa mzigo ambao nadhani hata ukuta wa Fort Jesus ungeutikisa. Wa pili ni 1987. Kombe lile lile lilikuwa sasa limepewa jina la Mandela, Mandela mwenyewe angali kifungoni; Gor ikatoka sare ya 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare ya 1 kwa 1 Nairobi, na mabao ya ugenini yakaamua. Klabu ya Kenya haijapata kutwaa kombe la Afrika tena. Nahodha Austin Oduor, Abbas Khamis Magongo, mlinda lango David Ochieng, na juu ya wote Peter Dawo, mfungaji mwenye kichwa kilichoitafuta krosi kama mwewe atafutavyo kifaranga, waliingia katika hadithi zetu karibu na Gor mwenyewe. Tangu siku ile kila mshambuliaji aliyevaa kijani alipimwa kwa Dawo, yaani alishindwa kabla hajafunga kamba za viatu. Na baada ya ubingwa wa 1995 ilipopita miaka 18 bila ligi kurudi, hadi 2013, baraza lilipata chakula cha kutosha: watoto walizaliwa, wakasoma, wakaota ndevu, hawajui Gor bingwa ni nini, ila wanaweza kuwahesabu kwa vidole wachezaji waliowakosesha raha wazazi wao.

Awendo mambo yalikuwa mengine. Kampuni ya sukari ya Nyanza Kusini iliasisiwa mwaka 1979, na timu yake, SoNy Sugar, ilikuwa ya kiwanda kwa kila maana: uwanja wake ulikuwa hatua chache kutoka mashamba, na siku za upepo harufu ya molasi iliingia mpaka golini. Kwa desturi ya vilabu vya kampuni, aliyesajiliwa alitazamia kuajiriwa, na huo ndio uliokuwa upekee wa lawama za Awendo. Mchezaji mbovu wa Nairobi hupanda basi akasahauliwa. Mchezaji mbovu wa kiwandani hubaki, akapewa kalamu na daftari, akaoa jirani, na mkulima aliyemzomea Jumamosi humkuta Jumatatu na trekta la miwa. Ubishi wa pale ulikuwa wa adabu kwa sababu hiyo, na mara nyingi ulifanywa kwa sauti ya chini. Mwaka 2006 timu hiyo ya miwa iliwapita wakubwa wote ikawa bingwa wa Kenya, na kwa muda hapakuwa na la kubishania. Kisha wadhamini wa ligi walijiondoa mwaka 2019, fedha zikakauka, na timu iliyokosa kufika katika mechi tatu ikaondolewa ligini msimu ule ule. Nilimsikia mtu wa huko akisema kwamba angetoa debe la mahindi apate tena mchezaji wa kumlaumu.

Katika mwaka huo huo wa 2019 barazani paliletwa kesi kubwa kuliko zote za siku hizi. Dennis Oliech, mfungaji wa mabao 34 kwa timu ya taifa, aliyecheza Nantes na Auxerre huko Ufaransa, alisajiliwa na Gor mwezi wa Januari akikaribia umri wa miaka 34, baada ya kukaa muda mrefu nje ya uwanja; na mwaka haukwisha mkataba ukavunjika kwa mzozo. Wapo wanaomweka juu kabisa katika orodha ya hasara. Mimi simweki hata katikati. Gor iliutwaa ubingwa msimu ule, na Oliech hakumficha mtu umri wake wala magoti yake. Walionunua jina walipewa jina. Anayetaka kosa la kweli na alitazame upande wa pili, kwa waliomwacha aende. Michael Olunga alikuwa kijana wa Tusker, akapelekwa Thika United kwa mkopo, na mwaka 2015 Gor ikamchukua; akafunga mabao 19, Gor ikamaliza ligi bila kufungwa, jambo lililokuwa halijaonekana tangu 1976, naye akaondoka kwenda Sweden, na miaka michache baadaye alifunga mabao manane katika mechi moja huko Japani. Lakini jaribu kuwaambia watu wa stendi wamjadili aliyeachwa na klabu nyingine. Watakutazama kama mtu aliyeleta shahidi wa kesi ya jirani.

Nami nina wangu, wala hakupata kuandikwa na gazeti lolote. Nilipokuwa mwalimu kijana, timu ya kijiji chetu, upande wa Mto Migori, ilikuwa ikigombea fahali katika mashindano ya Desemba, na siku tatu kabla ya nusu fainali kamati ikakubaliana kuleta mamluki. Neno hili kwa asili yake ya Kiarabu ni mtu amilikiwaye, na sisi tulimmiliki kwa bei ya mbuzi mmoja, nauli ya kwenda na kurudi, na kulala kwa mweka hazina. Alitoka ng'ambo ya mpaka, Sirari, kijana mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, mwenye viatu vya njumu vilivyofungwa kwa waya, na alipoteremka katika pikapu ya Isebania watoto walimfuata mpaka kisimani. Tukampa jezi namba 9. Mpira wa kwanza aliupiga ukavuka lango, ukavuka ua, ukaingia katika mahindi ya bibi mmoja ambaye aliukalia hadi alipolipwa. Wa pili aliupokea kwa goti. Wa tatu, lango likiwa tupu na mlinda lango amelala chini, aligeuka akaurudisha nyuma kwa beki wetu, kwa utulivu wa ajabu, kama anayemrudishia mtu kofia yake. Tulifungwa 1 kwa bila. Mweka hazina alihama kanisa, na jina la kijana yule, tena jina la bandia, kwa kuwa fomu ilikuwa ya mtu mwingine, hutumika mpaka leo kijijini kwa kitu chochote kilichogharimu mbuzi kisifae.

Nilikutana naye mwaka juzi Isebania, mvi zimemjaa, akiuza makubadhi chini ya mwavuli. Alinitambua yeye mwanzo.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia, nikaketi juu ya debe alilonisukumia, tukaulizana habari za watoto, na baadaye nikashindwa kujizuia. "Ndugu yangu, siku ile kulikuwa na nini? Ule mpira wa tatu?"

Alinyamaza kidogo, akipangusa kubadhi la kushoto kwa kitambaa, akaliweka sawa na la kulia.

"Mwalimu, mimi nilikuwa beki," akasema. "Toka utotoni. Nyinyi mliona urefu tu, mkanivisha 9, na mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa."

Nilinunua jozi moja, ingawa hazikunienea. Habari hizo sijazifikisha barazani.