Maporomoko ya Boyoma: kutoka Ubundu mpaka Wagenia

Mtu wa Kisangani akitaka kutembeza familia siku ya Mungu, hapati bustani yenye mashine za kuzungusha watoto kama zile zinaonyeshwa kwenye televizyo. Kuko mto. Watu wanakwenda Wagenia kutazama maji na mitego ya samaki, maharusi wanapiga foto, watoto wanashangaa, kisha kila mtu anarudi kwake. Mgeni naye, awe ametoka Kinshasa ama Ulaya, mahali pa kwanza anaulizia ni pale pale. Lakini Wagenia ni mwisho tu wa kitu kirefu zaidi, ambacho kinaanza huku kwetu Ubundu. Wengi wanaojua mwisho hawajaona mwanzo, kwa hiyo leo tunafuata mto wote, na historia yake pamoja.

Maporomoko ya Boyoma ni saba. Yamepangana kwa urefu wa karibu kilometa 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na katika safari hiyo mto unashuka kama meta 60. Usitegemee ukuta mmoja mrefu wa maji kama Victoria kule Zambia na Zimbabwe. Hapa ni ngazi, mawe, visiwa, na maji yanayokimbia kwa hasira. Kinachofanya Boyoma ijulikane duniani ni wingi wa maji: kwa wastani kama meta kyube 17,000 kila sekunde. Kwa kipimo hicho, Niagara ya Marekani na Kanada ni mtoto. Juu ya maporomoko mto unaitwa Lualaba. Ukishapita poromoko la saba, pale Wagenia, unaitwa mto Kongo. Ni maji yale yale, jina tu ndiyo linabadilika.

Wenyeji wa mto pale mwisho ni Wagenia, wengine wanasema Wenya. Walikuwa wakivua katika mawe yale zamani sana mbele ya mtu yeyote kuandika habari zao. Mzungu wa kwanza kupita ni Henry Morton Stanley, mwezi wa kwanza 1877. Hakuwa peke yake: alikuwa na watu waliotoka Zanzibar, wanaume na wanawake, wakisema Kiswahili. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alimsindikiza kwa majuma kadhaa kisha akarudi mwishoni mwa 1876, mbele ya kufika kwenye maporomoko. Stanley na watu wake walitumia karibu mwezi mzima kwenye maporomoko saba, wakivuta mitumbwi kwa kamba kupitia porini, na wakipigana na wenyeji. Kisha akapachika jina lake: Stanley Falls. Jina la Boyoma lilirudi rasmi wakati wa Mobutu.

Desemba 1883 Stanley alirudi akaacha kituo kidogo kwenye kisiwa karibu na poromoko la mwisho. Hakikudumu. Mwaka 1886 watu wa Waarabu walikishambulia na wale wa kituo wakakimbia. Mwaka uliofuata mfalme Léopold II, ambaye hakuwa na nguvu ya kushinda Waarabu bado, alimfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa gavana wa Stanley Falls. Ndiyo, yule yule. Vita vya kuwafukuza Waarabu vilikuja nyuma, 1892 mpaka 1894. Mtu anayeuliza kwa nini mama sokoni Ubundu anapigia bei kwa Kiswahili wakati chini ya mto wote wanasema Lingala, jibu linaanzia katika miaka hiyo. Lugha hii ilipanda na misafara kutoka upande wa Maniema, ikakaa.

Mji wetu nao ulibebeshwa jina kutokana na vita vile vile. Pierre Ponthier, ofisa Mbelgiji, alikufa kwa majeraha mwaka 1893, na Ubundu ikaitwa Ponthierville mpaka 1966, mwaka ule ule Stanleyville ikawa Kisangani. Wazee bado wanasema Ponthier bila kufikiri.

Sasa reli. Batoo inaweza kutoka Kinshasa mpaka Kisangani bila kizuizi, kilometa zaidi ya 1,700. Inaweza tena kutoka Ubundu mpaka Kindu, kama kilometa 300. Katikati yao kuko maporomoko, na hakuna batoo inayopita. Kwa hiyo kampuni ya CFL ya baron Empain, iliyoanzishwa 1902, ilijenga reli ya kilometa 125 kutoka ngambo ya kushoto ya Stanleyville mpaka Ponthierville. Ilifunguliwa 1906. Watu wetu ndio walikata msitu, wakavunja mawe, wakalala humo wengine, na makaburi yao hayana jina. Baadaye reli ikapita mikononi mwa SNCC, shirika la taifa.

Kwa muda mrefu Ubundu iliishi na mpango huo. Mzigo unafika kwa batoo kutoka Kindu, unashushwa, unapakiwa kwenye treni, unakwenda ngambo ya kushoto, Lubunga, kisha unavushwa mto kufika mjini. Mpaka leo hakuna daraja juu ya mto mkubwa pale Kisangani. Kila kushusha na kupakia kulikuwa kazi kwa mtu, chakula kwa mama, mteja kwa mwenye kulaza wageni. Treni ilipoanza kukohoa, yote hayo yakakohoa pamoja. Siku hizi treni haina ratiba ya kutegemea, na ndiyo sababu unaona vijana wakisukuma baiskeli zenye mzigo kando ya reli, siku kwa siku, kazi ambayo vagoni moja ingeimaliza kwa mara moja.

Kwenye njia hiyo kuko jambo moja ambalo nchi nyingine ingeliuzia tiketi: reli inakata mstari wa ikweta. Kisangani iko kaskazini yake, Ubundu iko kusini. Msafiri anavuka kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine akiwa amekaa juu ya gunia la mchele. Ingekuwa kwingine, ungekuta pale kibao cha rangi, mtu wa kupiga foto na mama wa kuuza ndizi.

Njia ile pia ina uzito wake. Mwezi wa nne 1997 maelfu na maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda walikuwa kambini kando ya reli, Kasese kwenye kilometa 25 na Biaro kwenye kilometa 41, na wengi waliuawa ama walikufa na njaa na magonjwa. Anayepita pale kutalii ni vizuri ajue anakanyaga wapi. Tena kutoka 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola ulioanzia upande wa Lubunga umefanya safari za ngambo ya kushoto kuwa za kuuliza kwanza. Uliza kabla ya kutoka, si njiani.

Kuna kipindi cha furaha pia. Mwaka 1951 sinema iliingia kwenye msitu wetu. John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kutengeneza The African Queen. Walipanda treni kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, wakaendelea mpaka mto Ruiki, karibu na Biondo, wakapiga kambi. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda. Filamu inasema ni Afrika ya Mashariki ya Wajerumani wakati wa vita ya kwanza, lakini yale maji ya kahawia na miti iliyoinama ni yetu. Bogart alipata Oscar kwa kazi ile. Miaka michache nyuma Audrey Hepburn, ambaye si ndugu ya yule wa kwanza, alikuja Stanleyville kwa filamu ya The Nun's Story, iliyotoka 1959. Wanavijiji waliobeba masanduku hawakuandikwa popote.

Turudi Wagenia, maana pale ndipo kuna kazi ya mikono ambayo haina mfano. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa katikati ya maji makali, wanaiingiza kwenye matundu ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni. Hawatumii misumari. Ukiangalia kwa mbali ni kama nyumba ambazo hazijaezekwa. Kwenye miti hiyo wananing'iniza vikapu vikubwa sana, mdomo mpana na nyuma nyembamba, vinavyotazama mkondo. Samaki akiletwa na maji anaingia, na nguvu ya maji inamzuia kugeuka. Hakuna chambo, hakuna ndoana. Wavuvi wanapanda juu ya miti, wanavuta kikapu, wanatoa kapiteni, mboto, ama mbenga mwenye meno ya kutisha. Kila nafasi kwenye mawe ina wenyewe, inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na mtu haendi kusimamisha mti wake mahali alipopenda tu. Jamii hii ina jando lake pia. Mtafiti Mholanzi André Droogers aliliandikia kitabu kilichotoka 1980.

Miti inaoza. Maji yakijaa yanabeba mingine. Kuiweka upya kunahitaji miti mirefu kutoka msituni, watu wengi, na wakati mto umepungua. Ndiyo maana mimi naona feza ya wageni ingeanza hapo, kwenye miti na kamba, kabla ya kitu kingine. Mgeni anakuja kwa sababu ya mitego inayofanya kazi. Ikibaki miti mitatu ya kuonyesha tu, kijana wa Wagenia atakuwa mchezaji wa sinema kwenye mto wa babu yake.

Kufika si vigumu: Wagenia iko mashariki ya katikati ya mji wa Kisangani, unakwenda kwa pikipiki ama toleka. Patana bei na wenyeji mbele ya kupanda mtumbwi na mbele ya kutoa aparei ya foto. Usiruhusu watoto kuoga. Wale unaowaona wakiruka wamezaliwa pale. Ukiwa na siku ya ziada, kwenye mto Tshopo kuko baraji la umeme, toka miaka ya 1950, na bustani ya wanyama, ambayo leo inafaa zaidi kwa kupumzika kivulini kuliko kwa wanyama. Kwenye barabara ya Lubutu, kama kilometa 60, utafika Wanie-Rukula, ambako mto unapiga makelele tena.

Na Ubundu? Kuko stesheni ya zamani, nyumba za wakati wa CFL, bandari ya kwenda Kindu, na poromoko la kwanza ambalo halina tiketi wala kiongozi. Barabara ni mbaya wakati wa mvua. Chukua pikipiki yenye matairi mazuri, maji ya kunywa, karatasi zako za safari, na siku moja zaidi ya ile uliyopanga.