Uso Mweusi kwenye Televisheni: Historia Fupi ya Wanawake Waigizaji, kutoka Mamba Muntu hadi «Augure»

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Hapa mjini, mtu akitaka kumsifu msichana, mara nyingi husema tu kwamba ni mweupe, na wote wanaelewa kwamba amesema ni mzuri. Msichana mweusi yeye huambiwa «ni mzuri, ijapokuwa ni mweusi». Wasichana wengi waliokimbia vita wakafika mjini na wazazi wao wanalisikia neno hilo mara mbili: kwa ajili ya rangi yao, na kwa ajili ya kijiji walikotoka. Televisheni haikulianzisha neno hilo. Ililikuta, ikalipa nguvu.

Picha ya ukutani

Kabla ya televisheni kuingia majumbani, sebule za Lubumbashi zilikuwa na picha za kuchora. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa mitaani waliuza sana picha ya Mamba Muntu, mwanamke wa majini, nusu mtu nusu samaki. Alichorwa na ngozi nyeupe na nywele ndefu zilizolala mabegani, na mara nyingi saa mkononi. Watu walisimulia kwamba mwanamume anayempata hutajirika, mradi atunze siri yake. Kwa hiyo weupe, mali na uzuri vilikaa pamoja kwenye ukuta mmoja, na watoto walikula chakula chao chini ya picha hiyo kila siku.

Sinema nayo ilikuwa imetangulia. Wakati wa ukoloni, Wakongomani waliruhusiwa kuona tu filamu zilizopitishwa na wakubwa wa serikali. Katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière na kwenye misheni, filamu zilionyeshwa ili kufundisha na kuchekesha. Mwanamke mweusi alionekana humo kama mtu wa kufundishwa usafi, kupika na kulea. Hakuonekana kama mtu wa kupendwa.

Mufwankolo na sauti za nyumbani

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa watu wa Lubumbashi wenyewe. Kundi la Mufwankolo, likiongozwa na Odilon Kyembe wa Kaswili, ambaye mji wote ulimjua kwa jina la Mufwankolo, lilicheza michezo yake katika Kiswahili cha hapa, kwanza kwenye redio, kisha kwenye televisheni. Michezo hiyo ilihusu mambo ya kila siku: pesa ya nyumba, ndoa, wivu, ulevi, uongo wa majirani.

Kwenye redio hakuna rangi. Mwigizaji mwanamke alijulikana kwa sauti yake, kwa mzaha wake na kwa namna alivyomjibu mume wake. Televisheni ilipoleta uso, wasikilizaji waliwaona wanawake wanaofanana na mama zao na dada zao, wamevaa vikwembe na kusema lugha ya sokoni. Mwaka 1986 kundi hilo lilicheza mchezo kuhusu mamlaka, «Le pouvoir se mange entier», ambao ulirekodiwa katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi. Mtaalamu Johannes Fabian aliufuatilia kazi hiyo ikiwa bado inatungwa, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu yake. Kwa watu wa hapa, jambo kubwa lilikuwa rahisi zaidi: walijiona wenyewe kwenye kioo, bila mtu kuomba radhi kwa rangi ya ngozi.

Sheria ya nguo, biashara ya krimu

Wakati huo nchi ilikuwa Zaire. Kuanzia mwaka 1971, siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye uhalisia wa Kiafrika ilibadilisha majina ya watu. Wanawake walikatazwa kuvaa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Serikali iliamuru mwili wa mwanamke uonekane wa Kiafrika, lakini haikumuuliza mwanamke mwenyewe. Na krimu za kung'arisha ngozi hazikuisha. Jina la krimu moja, Ambi, liliingia katika mazungumzo ya watu, hata likawa kama jina la tendo lenyewe.

Madhara yake yanajulikana. Krimu nyingine zina zebaki, ambayo inaweza kuharibu figo. Nyingine zina hidrokwinoni, ambayo ikipakwa miaka mingi inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka, hasa usoni. Nyingine zina dawa kali za hospitali ambazo hupunguza unene wa ngozi, hata jeraha likachelewa kupona. Nchi jirani ya Rwanda ilianza msako mkali wa bidhaa hizo madukani mwanzoni mwa mwaka 2019.

Kuanzia mwaka 1990, baada ya chama kimoja kupoteza nguvu zake, televisheni za watu binafsi zilianza kuongezeka nchini. Saa za matangazo zilikuwa nyingi, pesa ya kutengeneza michezo ilikuwa kidogo. Nafasi ikajazwa na tamthilia za Mexico na Brazil zilizotiwa sauti ya Kifaransa. Humo msichana anayependwa alikuwa mweupe mwenye nywele ndefu, karibu ndugu wa Mamba Muntu. Mweusi, akionekana, alikuwa mtumishi wa jikoni.

Kosa la mashine

Kuna jambo lingine ambalo watazamaji wengi hawaambiwi. Kwa miaka mingi, filamu za picha za rangi zilipimwa kwa kutumia picha ya mwanamke mzungu. Ngozi nyeusi ilitoka kama kivuli, yakaonekana macho na meno tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengenezaji wa sinema Jean-Luc Godard alikataa kutumia filamu ya Kodak nchini Msumbiji, akisema ina ubaguzi. Kodak walikuja kurekebisha filamu yao, lakini sababu mojawapo ilikuwa malalamiko ya wauza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri.

Kamera za leo ni bora, lakini shida bado ipo studioni. Mwigizaji mweusi akiwekwa mbele ya ukuta mweupe, kamera inajipima kwa ukuta, na uso unazama gizani. Kisha mtu anasema «huyu hapendezi kwenye kamera» na kumpaka poda nyeupe. Dawa yake ni ndogo: ukuta wa rangi iliyokolea, taa laini kutoka ubavuni, na kamera ipimwe kwa uso.

Tuzo, na maswali yake

Katika miaka ya karibuni, nyuso nyeusi za Kongo zimefika mbali. Mwaka 2012, Rachel Mwanza, msichana aliyewahi kuishi barabarani Kinshasa, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin kwa filamu «Rebelle». Mwaka 2017, Véro Tshanda Beya aliibeba filamu «Félicité», iliyopata tuzo kubwa ya FESPACO mjini Ouagadougou. Mwaka 2023, Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipeleka «Augure» Cannes na kurudi na tuzo. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa hapa Lubumbashi, na ndani yake anacheza Eliane Umuhire wa Rwanda.

Kutoka Kenya, Lupita Nyong'o alipata Oscar mwaka 2014. Siku chache kabla, alisimulia hadharani kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke siku moja akiwa mweupe, na kwamba kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi sana wa Sudan Kusini, ndiko kulikoanza kumfungua macho. Mwaka uliofuata, Viola Davis alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa tamthilia nzito ya televisheni.

Lakini watazame kazi walizopewa. Mwanza alikuwa mtoto aliyetekwa na waasi na kudhaniwa mchawi. Nyong'o alikuwa mtumwa anayepigwa. Mwanamke mweusi anapewa tuzo akiwa analia. «Félicité» inapita hapo kidogo: ni mama anayetafuta pesa ya kumtibu mwanawe, lakini pia ni mwimbaji, na ni mwanamke anayependwa na fundi wa friji aitwaye Tabu. Kamera inakaa karibu na uso wake muda mrefu, kwa heshima.

Ndicho kinachokosekana kwenye vioo vya nyumbani. Si mweusi mmoja zaidi wa kuhurumiwa, bali mweusi aliye daktari, hakimu, bibi harusi, mama tajiri wa soko la Kenya, mtu wa mzaha kama wale wa Mufwankolo. Televisheni za Lubumbashi zina watu, zina lugha, na zina mfano ulioanza hapahapa. Msichana aliyekimbia vita na kubakiza simu moja katika familia nzima atatazama atakachopewa. Akiona uso kama wake unapendwa, kopo la krimu litapoteza mteja mmoja.